Singo la Korola

Mume wangu Kheir ana uongo mmoja tu ninaoujua, na amekaa nao miaka kumi na tisa. Ukimuuliza kazi ya kurudisha rangi ya gari alijifunza wapi, atakwambia Dar es Salaam, kwenye gereji kubwa, kwa fundi mkali asiyecheka. Dar es Salaam kweli alikwenda. Alikaa miezi minne, akaosha magari kwa ndoo na sabuni ya unga, akaugua tumbo, akarudi na boti akiwa na begi lilelile alilokwenda nalo. Huyo fundi asiyecheka mpaka leo sijapata kusikia jina lake.

Ukweli ni kwamba alijifunza kwa mama yake, mlangoni.

Mama mkwe wangu, Bi Mize, alikuwa msingaji wa maharusi. Mji Mkongwe mzima, kuanzia Malindi mpaka Shangani, mwenye binti wa kuozwa alituma mtu kwa Bi Mize wiki moja kabla ya harusi. Alikuja na kinu chake, jiwe lake la kusagia mti wa liwa, manjano na mawaridi makavu, akamfungia mwali ndani siku saba, akamsinga kwa kumpaka singo hilo na kumsugua asubuhi na jioni mpaka ngozi ikawa laini na harufu ikafika ngazini. Kheir ni mwanawe wa pekee na baba yake alikufa mapema, kwa hiyo hakuwa na pa kumwacha. Mwanamme haingii chumbani kwa mwali, hata awe na miaka saba. Basi Kheir aliwekwa kizingitini, nje ya pazia, akatwanga karafuu. Hakuona kitu, lakini alisikia yote. Alimsikia mama yake akiwafunza wasaidizi wake: usisugue kama unasugua sufuria, ngozi ukishaitoa hairudi, mwali asione jua, na ukitaka kujua pamelainika au bado, weka kitambaa chepesi kati ya kiganja na ngozi, kitambaa kitakwambia.

Watoto wa mtaani walimwita Mwali Kheir. Alipigana nao, akapigwa, na kesho yake akarudi kizingitini na jicho limevimba. Nadhani uongo wake ulianza kuota siku zile, kabla hata hajaijua Dar es Salaam.

Tunakaa Mtoni, ndani kidogo ukiacha barabara ya Bububu, na banda lake la mabati liko nyuma ya nyumba. Gari likiletwa hulizunguka mara mbili kimya kabla hajasalimiana vizuri na mwenyewe. Atajua hili linalala karibu na bahari, maana chumvi imeanza kula chini ya milango. Atajua hili linaegeshwa chini ya mti wenye utomvu. Atajua hili lilinyewa na kunguru, na mwenyewe akaliacha mpaka apate nafasi. Kheir anawachukia kunguru kuliko anavyomchukia binadamu yeyote. Na wapo wanaopaka gari mafuta ya nazi ili ling'ae siku moja, halafu vumbi lote la barabara ya Jozani likaganda humo. Hao huwatazama kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa aliyekunywa dawa ya jirani.

Akishaosha na kukausha, hutoa kipande cha shifoni kilichokatwa kwenye mtandio wa zamani, hukitandika juu ya boneti, na hupitisha kiganja juu yake polepole, macho amefumba. Kwa kitambaa kile husikia punje za uchafu ambazo mkono mtupu hauzisikii. Wateja hustaajabu. "Haya ndiyo mambo ya Dari Salama," huwaambia. Mtandio ni wa Bi Mize.

Neno kusinga halitamki. Husema kupiga polishi. Lakini akizama kazini, akadhani hapana mtu, nimemsikia mara nyingi akiliambia gari, "Tulia mwanangu, tunakaribia." Na gari likishaanza kutengenezwa halitoki bandani mpaka limekwisha. Hulifunika turubai, mwenyewe haruhusiwi kulichungulia, na jua haliligusi. Ukimuuliza sababu, atakwambia ndivyo wanavyofanya Bara.

Uongo huo ningeweza kuucheka, lau si kwamba siku hizi Bi Mize anaishi nasi. Magoti yamemchosha, na maharusi wa sasa wanakwenda saluni. Ana miaka miwili hajavuka baraza yetu ya uani. Hukaa pale kwenye kiti chake, hatua kumi kutoka bandani, na Kheir humsimulia mteja habari za yule fundi asiyecheka kwa sauti ya kufika mpaka Bububu. Bi Mize hasemi neno. Hutazama vidole vyake tu, kimoja kimoja. Mimi ndiye ninayekasirika. Nimemwambia Kheir chumbani zaidi ya mara moja, "Baba Yusra, mama yako anasikia." Hunijibu, "Anajua mwenyewe. Hana neno." Wanaume wana njia yao ya kujua nani ana neno na nani hana.

Jumatano moja Bi Shadya wa Chukwani alileta Korola nyeupe. Ni gari la mwaka themanini na saba, la marehemu mumewe. Marehemu alilinunua likiwa bado linanukia dukani, akawapeleka mabinti zake wote wanne kwenye harusi zao kwa gari lile, na kabla hajafa alimuahidi mjukuu wake kwamba naye atapanda humohumo. Harusi ilikuwa Jumapili ile, baada ya alasiri. Lakini gari lilikuwa limesimama miaka mitatu mbele ya bahari ya Chukwani, rangi imekufa, ukiigusa inakuachia unga mkononi.

"Fundi, watu wananambia nilipige rangi mpya," Bi Shadya alisema. "Sitaki. Rangi hii kaishika marehemu kila Ijumaa, kaiosha kwa mkono wake. Nnaitaka hiihii."

Kheir alilizunguka mara mbili. Akapitisha shifoni. Akainama kwenye kingo za boneti, akakaa hapo muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Bi Shadya, nitakwambia kweli," alisema. "Magari ya sasa yana tabaka la juu lisilokuwa na rangi, ndilo linalosuguliwa. Hili halina. Kila ukisugua, rangi yenyewe inatoka. Na hii nshaiona, imebaki msuguo mmoja. Wa pili unafika kwenye praima, ile rangi ya kijivu ya chini, na hapo hakuna wa kuirejesha, si mie wala nani."

"Basi usugue huo mmoja," alisema Bi Shadya. "Nakuamini. Nasikia umesoma Dari Salama."

Kheir akasema ndiyo, amesoma Dari Salama. Barazani Bi Mize alitazama vidole vyake.

Alhamisi aliliosha na kulitoa uchafu. Ijumaa asubuhi alifanya ule msuguo mmoja, kwa mkono, bila mashine, kipande baada ya kipande, na mimi niliyemchoka na kumzoea nilisimama mlangoni nikamtazama kwa mapenzi. Nyeupe ilitoka. Haikuwa nyeupe kali ya magari mapya, ilikuwa nyeupe ya maziwa. "Sasa iko wazi, haina kitu juu yake," aliniambia. "Chochote itakunywa. Nikirudi msikitini nitaipaka waksi ya kuikinga, nimalize." Akaoga, akavaa kanzu, akaenda kusali Ijumaa.

Mimi nilikuwa jikoni na pweza wangu. Bi Mize aliniita nimtolee kasha lake chini ya kitanda. Nikamtolea, nikafurahi, nikadhani anataka kujisinga kidogo, maana mikono yake haikuwa imegusa liwa tangu ahamie kwetu. Nikasikia kinu. Nikasikia jiwe. Baadaye sikusikia kitu, na kwa kuwa pweza alikuwa anakataa kuiva, sikutoka kutazama.

Kheir aliporudi, harufu ilimpokea uani: karafuu, mawaridi, liwa. Nilimfuata mpaka bandani. Bi Mize alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, fimbo yake pembeni, mikono ya manjano mpaka vifundoni. Korola ilikuwa imesingwa, boneti yote na milango miwili ya mbele. Singo limekauka juu yake vizuri kabisa, laini, limepakwa kwa mkono unaojua. Na mama mkwe wangu, sijapata kumuona na uso ule tangu ahamie kwetu. Alikuwa amechoka na amefurahi.

"Nimekusaidia kidogo," alisema. "Gari la harusi likatoke halina hata harufu? Watu watasema nini?"

Nilimtazama Kheir. Rangi aliyoiacha wazi, inayokunywa chochote, ilikuwa imeshinda na manjano muda wote wa sala. Uso ulimbadilika, kisha akaukaza.

"Ahsante mama," alisema. "Linanukia vizuri sana."

Kwa jibu lile peke yake nilimsamehe mambo ya miaka kumi na tisa, ingawa sikumwambia. Alimshika mkono akamrudisha kitini, akaja akaliosha gari. Singo lilitoka lote. Manjano hayakutoka. Boneti ya marehemu ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyomwagikiwa mchuzi. Akaosha tena kwa sabuni, akaosha tena, kisha akalifunika turubai na kunishika bega.

"Mama asijue," alisema.

Jumamosi alfajiri alikuwa tayari bandani. Alijaribu kwenye ukingo wa boneti, mahali padogo pa kidole kimoja, akasugua taratibu. Kitambaa kilitoka na manjano, na nyeupe, na chini yake kikaanza kuonekana kivuli cha kijivu. Ilikuwa praima. Akaacha hapohapo. Nilipompelekea chai nilimkuta amekaa chini, ameshika tama, kitambaa kiko mapajani.

"Nimeliharibu gari la watu," alisema.

"Hukuliharibu weye."

"Basi usiseme nani."

Mimi nina ulimi, na sijawahi kudai kwamba sina. Lakini siku ile haukuniponyoka. Nilifikiri. Niliona mtu mzima anadanganywa kama mtoto kwa sababu anapendwa, na mtu huyohuyo miaka yote amefichwa asijulikane kuwa ndiye aliyefundisha, kwa sababu mwanawe anaona haya. Nikaona yote mawili ni kumfungia ndani. Nikaenda barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, gari limekuwa njano. Haitoki. Na akisugua rangi inakwisha. Kheir kanikataza nisikwambie."

Bi Mize alitazama vidole vyake, safari hii vikiwa na manjano kwenye kucha. "Nlidhani bati halinywi," alisema mwishowe, polepole. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe fimbo yangu."

Tuliingia bandani, yeye mbele. Kheir aliinuka haraka, akanitazama kwa jicho ambalo nililirudisha vilevile.

"Lifunue," alisema Bi Mize.

Akalifunua. Bi Mize alitandika pembe ya mtandio wake juu ya boneti, akapitisha kiganja, akafika kwenye kile kivuli cha kijivu, akasimama. Akageuka.

"Tangu jana liko humu? Kivulini?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

"Gari likitengenezwa halitolewi juani."

"Nani kakwambia?"

Kheir alianza kukunja kitambaa chake.

"Kwenye ile gereji ya Dari Salama ndivyo walivyokufunza?" aliuliza Bi Mize. Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu aliyesubiri muda mrefu na sasa anataka kujua tu.

Nilidhani Kheir atasema ndiyo, kwa mazoea. Alitazama chini kama mtoto, mtu wa miaka arubaini na tano, ndevu zina mvi.

"Weye ndiye uliyesema, mama," alisema. "Mwali asione jua."

"Nlisema mwali. Mwali yuataka ile rangi ya manjano imkae, ndiyo maana tunamficha. Kanga ikiingia manjano tunaifanyaje? Mama Yusra, mwambie."

"Tunaianika," nilisema, na hapo nikataka kujipiga. Toka nina akili zangu natoa manjano kwenye nguo kwa jua, na sikufikiri kwamba gari nalo laweza kuanikwa.

"Mie huyohuyo niliyekwambia ulifiche," alisema Bi Mize, "ndiye nnayekwambia ulitoe."

Tukalisukuma mpaka uani. Bi Mize hakurudi kitini kwake. Alitaka kiti kiletwe kando ya gari, na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa fundi. Kila jua lilipohama, alipiga fimbo chini, Kheir akaligeuza gari upande mwingine. Kila boneti ilipopata moto, akaamuru ipozwe kwa maji ya baridi kidogo kidogo. Majirani walikuja mmoja mmoja. Makungu kinyozi, ambaye alikua mtaa mmoja na Kheir na alikuwa miongoni mwa wale waliomwita Mwali, alikuja na kiti chake kabisa.

"Kheir, unaanika gari au unaanika karafuu?" aliuliza.

"Mwulize fundi," alisema Kheir, akamwonyesha mama yake kwa kidevu. Makungu akadhani ni utani, akacheka.

Mchana lilitanda wingu kutoka upande wa bahari na sote tukalitazama mpaka likapita. Kufikia alasiri milango ilikuwa imerudia weupe wake. Boneti bado. Niliwaletea chakula palepale, na Bi Mize alikula vizuri, akalalamika pweza ni mgumu. Jioni lilipofunikwa, ile njano ilikuwa imebaki kama doa la chai kwenye kikombe, ukiijua utaiona.

Jumapili waliamka pamoja. Saa nne boneti ilikuwa nyeupe ya maziwa, kama Ijumaa asubuhi. Nilishika kichwa, nikashukuru Mungu kwa sauti. Kheir alilirudisha gari kivulini lipoe, akachukua waksi, akakunja kitambaa kuzunguka vidole viwili, akapaka tabaka jembamba, akasubiri, akafuta, akapaka la pili. Palipokuwa na kivuli cha kijivu alipaka mara tatu. Mama yake alifuata nyuma na pembe ya mtandio. "Hapa bado," alisema. Kheir alirudia. "Hapa bado." Alirudia. Mara ya mwisho kiganja cha Bi Mize kilizunguka boneti yote, kikashuka mpaka kwenye taa, na hakikusimama popote.

Bi Shadya alifika baada ya adhuhuri na mpwa wake wa kuendesha gari na maua ya kulipamba. Uani palikuwa na watu, maana habari ya gari lililoanikwa ilikuwa imefika mbali. Alisimama mbele ya Korola, akatoa kiganja, akakirudisha, kisha akakiweka juu ya paa palepale ambapo nadhani mumewe alizoea kuweka mkono wake.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Ndiyo rangi yake." Alijifuta macho na ukingo wa buibui. Halafu akainama, akanusa. "Na inanukia harusi. Fundi, huko Dari Salama kweli walikufunza."

Kheir alikuwa amesimama na kitambaa mkononi. Makungu alikuwa hatua mbili nyuma yake. Nilimkazia macho mume wangu, maana nilijua kwamba akisema ndiyo safari hii, nitamchukia mpaka usiku, na mama yake hataonyesha kitu.

"Hawakunifunza kitu huko, Bi Shadya," alisema. "Huko niliosha magari kwa ndoo tu. Kazi hii kanifunza mama huyu hapa. Alikuwa akisinga maharusi Malindi, na mie nikikaa mlangoni nikimtwangia karafuu. Yote nnayoyajua nliyasikia pale. Na gari lako, kalisinga yeye."

Makungu alifungua mdomo. Nilimtazama, akaufunga.

Bi Shadya alikwenda mpaka kwenye kiti cha Bi Mize, akainama, akamshika mikono yote miwili. Bi Mize akavuta mtandio mpaka kwenye macho.

"Na hizo karafuu," alisema, "alikuwa hazitwangi zikalainika. Kila siku nikimrejeshea azitwange tena."

"Naam, mama," alisema Kheir.